Wimbo Uanzie Ukumbini

Bendi changa ya roki ya Nairobi au Dar es Salaam ikipata wimbo mpya, kwa kawaida hufuata njia ileile. Inaingia studio, inarekodi, inaupandisha wimbo mtandaoni, inachora bango la uzinduzi, na wiki ya mwisho wanabendi wote wanageuka wapiga debe, bango moja likizunguka katika kila kundi la WhatsApp walilomo. Siku inafika, watu sitini wanakuja, wengi wao marafiki, kisha miezi minne inapita kabla bendi haijapanda jukwaani tena. Nadhani mpangilio huu umesimama kichwa chini miguu juu. Kwa bendi isiyo na lebo wala mfadhili, ukumbi ndio mahali pa kuutambulisha wimbo. Rekodi ije baadaye, wimbo ukishapata watu wanaoungoja.

Pesa yenyewe inaonyesha hivyo. Spotify ilifika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, na bendi nyingi zikaamini kwamba mlango wa dunia umefunguka. Umefunguka kweli, ila kwa kila mtu: kufikia 2023 nyimbo mpya zilizopandishwa mitandaoni duniani zilizidi 100,000 kwa siku. Tangu 2024, wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia hauingii katika mgawo wa malipo ya rekodi wa kampuni hiyo. Unaovuka kizingiti, tukikadiria kwa ukarimu, huleta dola 3 au 4 kwa kila mara 1,000, kabla msambazaji hajachukua chake. Kwa fedha ya Kenya hizo ni kama shilingi 400 au 500, yaani kiingilio cha mtu mmoja katika onyesho dogo. Wale sitini waliosimama mlangoni, ambao bendi iliwaona wachache hata ikavunjika moyo, wana thamani ya kusikilizwa mara 60,000. Bendi iliyowaacha waondoke bila kuwaambia tarehe ya onyesho linalofuata imepoteza kitu kikubwa kuliko inavyodhani.

Muziki wa dansi wa Tanzania ulilijua hili zamani. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964 na ambayo baadaye ikawa Msondo Ngoma, na Mlimani Park, iliyoanza 1978 na kuchukuliwa na shirika la DDC mwaka 1983, zilifanya kazi katika nchi isiyokuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Mahali pa kurekodi palikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na malipo ya huko hayakuweza kuilisha bendi. Kwa hiyo wimbo ulitungwa, ukafanyiwa mazoezi, ukapelekwa ukumbini kwanza. Tafakari faida ya utaratibu huo kwa mtunzi. Wacheza dansi wakiinuka au wakibaki vitini, bendi inaona papo hapo kama utangulizi umekuwa mrefu mno, kama chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, imechelewa, kama kiitikio kinashikika mara ya kwanza. Wimbo unaofika studio baada ya mtihani huo umekwisha kunyooshwa, na saa za studio hazipotei katika kubishana. Tena hata jina la mtindo lilifanya kazi ya bango. Sikinde, Msondo na Ndekule yalikuwa majina ya mitindo ambayo watu waliyatumia kuziita bendi zenyewe, nayo yalibeba ahadi ya namna fulani ya kucheza. Aliyetaja jina hilo nyumbani au kazini alikuwa tayari ameitangaza bendi, bure, kwa mtu anayemwamini.

Hapo nitapingwa, na pingamizi ni la haki. Dansi ilikuwa na mashirika nyuma yake. NUTA ilikuwa chama cha wafanyakazi, DDC shirika la jiji, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara, huku bendi ya roki ikikodi dramu, spika na usafiri kwa fedha ya mfukoni. Zaidi ya hayo, roki kwetu ina wasikilizaji wachache. Nairobi imewahi kuwa na X FM iliyopiga roki, imezaa bendi kama Murfy's fLaw, Parking Lot Grass na Crystal Axis, lakini hakuna anayedai kwamba muziki huu unajaza viwanja. Nakubali yote mawili. Ila uchache wa watu ndio unaoipa nguvu hoja ya ukumbi, kwa sababu mashabiki 200 wa jiji moja wanaweza kukutanishwa chumba kimoja, ilhali katika bahari ya mtandao hawaonekani kabisa. Na kuhusu mshahara, bendi ya Fugazi ya Washington haikuwa na shirika lolote la kuilipa. Ilipiga onyesho lake la kwanza Septemba 1987, rekodi yake ya kwanza ikatoka zaidi ya mwaka mmoja baadaye kupitia Dischord, lebo ndogo ambayo Ian MacKaye wa Fugazi alikuwa miongoni mwa walioianzisha mwaka 1980. Kiingilio walijitahidi kukiweka karibu dola 5, na watoto waliruhusiwa kuingia. Wanaohofia kwamba simu za mashabiki zitauvujisha wimbo kabla haujaiva wajue kwamba Fugazi waliupiga wimbo wao Furniture tangu siku zao za mwanzo, ukaja kutoka katika rekodi mwaka 2001. Miaka yote hiyo haikuuharibu.

Pingamizi gumu zaidi linatoka Nairobi kwenyewe. Mwaka 2010 video ya Ha-He ya Just a Band, yenye shujaa Makmende, ilisambaa hata vyombo vya habari vya nje vikaiandika, na haikuhitaji ukumbi. Lakini bendi hiyo ilianzia Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2003 na ilikuwa na albamu mbili kabla ya Makmende kuvuma. Na Makmende mwenyewe hakuzaliwa na video. Lilikuwa neno la watoto wa mitaa ya Nairobi miaka ya 1990, la kumwita anayejifanya shujaa wa sinema. Wakenya walilipokea, wakatunga vichekesho na picha zao wenyewe, kwa sababu lilikuwa mali yao. Mtandao ulikuza kitu ambacho watu walikuwa nacho mdomoni. Bendi ambayo haijaweka chochote midomoni mwa watu haina cha kukuziwa.

Kwa vitendo, basi, bendi itafute chumba kidogo, siku moja isiyobadilika, tuseme Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na ishirikiane na bendi mbili nyingine kugawana gharama za mitambo na mapato ya mlangoni, makubaliano yakiandikwa mapema. Kila mara kuwe na wimbo mmoja ambao haujawahi kusikika, maana wanaolalamika kwamba jiji huchoka na bendi ileile mara nyingi wanazungumzia bendi inayorudia nyimbo zilezile. Tangazo litaje siku, saa, mahali, kiingilio na nani anapiga, na saa iliyoandikwa iheshimiwe, kwani msikilizaji anayetegemea matatu ya mwisho hawezi kungoja hadi usiku wa manane. Anayelipa mlangoni kwa M-Pesa aulizwe kama angependa kupata ujumbe wa onyesho lijalo. Aulizwe kweli, kwa kuwa sheria ya Kenya ya 2019 inalinda taarifa zake, na kwa kuwa namba iliyotolewa kwa hiari ni ya mtu atakayerudi. Mezani pa kiingilio kuwe na daftari la kuandika ni wimbo gani watu waliuulizia jina wakitoka. Wimbo ukiulizwa miezi mitatu mfululizo, bendi na iweke nafasi studio.