Karani wa Dirishani

Mwananchi aliyeondoka kwake alfajiri kwenda ofisi ya wilaya hamkuti Waziri huko. Humkuta karani, na neno la karani huyo kwake ndilo neno la Serikali. Akiambiwa "njoo kesho", basi Serikali imesema.

Katika mageuzi ya utumishi wa umma nchini Tanzania, wizara na idara zimeandika Mikataba ya Huduma kwa Mteja, inayotaja siku za kujibu barua na njia ya kupeleka malalamiko. Ni kazi njema. Lakini karatasi iliyobandikwa ukutani haimjui kila atakayesimama mbele yake.

Tukumbuke foleni za kitambulisho cha taifa, wakati laini za simu zilipotakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole kabla ya tarehe 20 Januari, 2020. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, ila vidole si vya namna moja. Mkulima aliyeshika jembe miaka arobaini, au mwashi wa saruji, pengine alama zake zimelika na mashine haizisomi. Karani mmoja humwambia havifai, apishe wengine. Mwenziwe humnawisha mikono, hujaribu kidole kingine, humwita mkubwa wake. Na tukihesabu watu waliohudumiwa kwa saa, yule wa kwanza ndiye atakayesifiwa!

Mtaalamu wa Marekani, Michael Lipsky, aliandika mwaka 1980 kwamba maamuzi ya watumishi wa namna hii ndiyo yanayogeuka kuwa siasa yenyewe ya serikali. Hapana budi tukubali, ingawa uhuru huo wa kuamua ndio pia mlango wa upendeleo na rushwa.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikataza majivuno ya viongozi, na wafanyakazi wakakitumia kuwakabili mameneja wao. Karani naye ni mfanyakazi. Akimsaidia mzee nje ya utaratibu huenda akakaripiwa. Akimrudisha, hakaripiwi na mtu.

Yafaa mambo yageuzwe. Anayesaidia asitakiwe kujitetea. Anayekataa ndiye aandike sababu, atie sahihi, ampe mwananchi karatasi hiyo aipeleke kwa mkuu wa ofisi siku ile ile, kabla hajapanda basi kurudi kijijini.