Kinachotendeka Kiunoni Katika Mkao wa Swila

Bhujangasana, yaani mkao wa swila, ni mmojawapo wa mikao 32 ya yoga iliyoelezwa katika Gheranda Samhita, kitabu cha Kisanskriti cha India kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 17. Maelekezo yake ni mafupi. Anayefanya zoezi hulala kifudifudi, viganja vikiwa chini, kisha huinua kichwa na kifua, huku mwili kuanzia kitovuni hadi vidole vya miguu ukibaki sakafuni. Sharti hilo la kitovu ndilo kiini cha zoezi. Nyonga zikinyanyuka, huo ni mkao mwingine.

Misuli ya tumbo hunyooka, ya mgongo hukaza, kifua hupanuka. Lakini ajabu yenyewe imo ndani zaidi, baina ya pingili tano za kiuno.

Kila pingili hutenganishwa na jirani yake kwa diski, ambayo ni ute mzito uliozungushiwa ukuta wa nyuzi imara. Kwa kijana, takriban asilimia 80 ya ute huo ni maji. Dereva au karani anayeketi kutwa ameinama, pingili zake hubanana mbele na kuachana nyuma, na ute husukumwa nyuma, ziliko neva ziendazo miguuni. Mgongo ukipindwa kinyumenyume, msukumo hugeuka. Ndivyo ilivyo mbegu mbichi ya fenesi ikibanwa kati ya vidole viwili: vikikaribiana upande huu, mbegu huteleza kwenda upande wenye nafasi, vikikaribiana upande ule, hurudi ilikotoka. Ute wa diski nzima hauchomoki kama mbegu, maana nyuzi huuzuia. Husogea kidogo tu, na neva hupata nafuu kwa kidogo hicho.

Nguvu ya badiliko hilo ilidhihirika kwa bahati mwaka 1956 mjini Wellington, New Zealand. Mgonjwa mwenye maumivu yaliyoshuka hadi mguuni alilala kifudifudi kwenye kitanda cha tiba ambacho upande wa kichwa ulikuwa umeachwa umeinuliwa. Mtaalamu wa viungo Robin McKenzie aliporudi, alimkuta amepinda mgongo kinyumenyume, na maumivu ya mguu yametoweka. McKenzie akajenga juu ya tukio hilo mfumo mzima wa tiba, ambao zoezi lake maarufu ni la kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono, karibu sawa na mkao wa swila.

Wajawazito, na watu ambao pingili zao zimeteleza au njia ya neva imekuwa nyembamba, hawafai kuufanya. Kwa wengine, viwiko hukaa karibu na mbavu, mabega hushushwa mbali na masikio, na mgongo ndio unaoinua kifua. Mikono husaidia tu. Baada ya pumzi chache, kifua hushushwa polepole.