Msasa na Bastola ya Babu

Bastola ya Luger P08, iliyopokelewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1908, bado imejaa kwenye makabati ya wakusanyaji wa Marekani, nyingi zikiwa nyara za askari waliorudi kutoka vita kuu. Mrithi akiikuta imeshika kutu hukimbilia msasa, na hapo ndipo anapoiharibu.

Weusi wenye ubuluu wa Luger za mwanzo haukupakwa; ni kutu iliyogeuzwa. Fundi aliiacha stili ishike kutu nyembamba, akaichemsha kwenye maji hadi wekundu ukawa oksidi nyeusi, akaipiga brashi, kisha akarudia tena na tena. Tabaka hilo ni jembamba mno. Msasa huondoka nalo, na pia hulainisha kingo za nambari zilizogongwa kiwandani. Nambari hizo ndizo ushahidi: tarakimu mbili za mwisho ziligongwa hata kwenye vipande vidogo, na vikilingana vyote, mnunuzi anajua silaha haikuungwaungwa. Kipande kimoja kigeni kinatosha kushusha bei.

Kwa hiyo kazi halali ya nyumbani ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kutu nyekundu inayopukutika hulowekwa kwa mafuta mepesi, kisha husuguliwa taratibu kwa pamba ya shaba, ambayo ni laini kuliko stili. Ukahawia mkavu, uliotulia, uachwe. Springi iliyochoka hubadilishwa, na ile ya zamani hutiwa kwenye bahasha, isitupwe. Mbao za mpini zinataka mafuta kidogo ya kitani. Vanishi ya kung'aa ni ya meza. Mtego mwingine uko kwenye triga: katika Luger za mwanzo, triga na vipande vingine vidogo vina rangi ya majani makavu, iliyopatikana kwa kupashwa moto. Asiyejua hudhani ni kutu, akaisugua hadi ikang'aa.

Kabla ya lolote, chemba ihakikishwe kuwa tupu. Luger ina hila yake: sehemu ya juu, hata ikishatolewa kwenye fremu, inaweza kufyatua risasi iliyosahaulika ndani ukibonyeza kipau kidogo cha ubavuni. Ufa kwenye mtutu au kifungio cha chemba kilicholegea ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni, naye akisema isipigwe tena, isipigwe. Anayetaka kulenga shabaha, bastola mpya ziko dukani.