Boheti bin Amrani, Fundi wa Mifupa ya Tendaguru

Mtu achimbaye kisima katika kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, hapati udongo mwingi. Baada ya futi chache tu sururu yake hugonga mwamba mweupe wenye matundu. Akiuvunja na kuutazama kwa makini, ataona ndani yake makombe, vipande vya matumbawe na alama za viumbe vingine vya bahari. Bahari iko mbele yake, umbali wa hatua kadhaa. Lakini viumbe hivi viliishi na kufa maelfu mengi ya miaka kabla mtu yeyote hajajenga nyumba mahali hapo. Kiumbe cha kale kilichohifadhiwa mwambani namna hii, au alama yake, huitwa kisukuku.

Makala haya yanamhusu mtu mmoja aliyeifahamu sana kazi ya kuvitoa visukuku mwambani. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba elimu hii ilikuzwa na mabingwa wa Ulaya na Marekani, na jambo hilo ni kweli. Lakini si ukweli mzima.

Mwalimu na profesa

Tuanzie Marekani. Othniel Charles Marsh alizaliwa mwaka 1831 katika jimbo la New York, akasoma kwa msaada wa mjomba wake tajiri, George Peabody, na mwaka 1866 akawa profesa wa elimu ya visukuku katika Chuo Kikuu cha Yale. Hadi alipofariki mwaka 1899 alikuwa ametoa majina kwa dinosaria wengi, huku akishindana vikali na mwenziwe, Edward Drinker Cope. Lakini mifupa mingi aliyoieleza Marsh ilichimbwa na watu wengine aliowalipa. Mwaka 1877 mwalimu wa shule, Arthur Lakes, aliona mifupa mikubwa katika vilima vya Colorado, akamwandikia Marsh. Miongoni mwa mifupa iliyotoka huko ndimo alimopatikana Stegosaurus, mnyama mwenye mabamba mgongoni. Jina tulisomalo vitabuni ni la profesa. Jicho lililoona kwanza lilikuwa la mwalimu.

Kilima cha Tendaguru

Mambo kama hayo yalitokea kwetu. Tendaguru ni kilima kilichopo yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alipata habari za mifupa mikubwa iliyokuwa ikijitokeza ardhini hapo. Mwaka uliofuata alifika mtaalamu Eberhard Fraas, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la Berlin likaendesha uchimbaji mkubwa, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig.

Yapasa kukumbuka hali ya nchi wakati huo. Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, vilikuwa vimepita karibuni tu. Watu wa kusini walikuwa wameuawa kwa wingi, na njaa ikafuata. Katika nchi hiyo iliyojeruhiwa ndipo walipokusanywa wachimbaji, ambao kwa wakati mmoja walifikia 500 hivi.

Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Kazi yake haikuwa kuhesabu watu na kugawa majembe tu. Alikuwa pia fundi mkuu wa kutengeneza mifupa pale pale machimboni. Kazi hii ni ngumu kuliko idhaniwavyo. Mfupa uliokaa ardhini muda mrefu hujaa nyufa, na ukivutwa kwa pupa huvunjika vipande vipande. Hapana budi kwanza kuondoa udongo wa juu kwa jembe, kisha kuukaribia mfupa kwa vyombo vidogo, kuuimarisha, na kuufunika kwa plasta au udongo. Huko Tendaguru ilitumika pia mianzi, iliyofungwa pamoja kuuzunguka mfupa ili usitikisike safarini. Aidha, kila kipande hutiwa alama, kwani mfupa usiojulikana ulikotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sayansi.

Kisha ikaja safari. Wapagazi waliichukua mizigo hiyo kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi Lindi, ikapakiwa melini. Uzito wa yote uliopelekwa Ujerumani wakadiriwa kuwa zaidi ya tani 200.

Somo la bahari

Mifupa hiyo ina umri wa yapata miaka milioni 150. Mkubwa wao ni yule aliyeitwa na Janensch, mwaka 1914, Brachiosaurus brancai, na ambaye wataalamu wa leo humwita Giraffatitan. Mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kimo chake chapita meta 13. Alikuwako pia Kentrosaurus, aliyepewa jina na Hennig mwaka 1915, ambaye ni ndugu wa Stegosaurus wa Marekani.

Jambo la ajabu ni kwamba tabaka zenye mifupa ya wanyama hawa wa nchi kavu zimepishana na tabaka zenye makombe ya bahari. Je, yawezekanaje? Mwanafunzi wa Paje anaweza kujibu kabla ya mwanafunzi wa Berlin. Na aende ufukweni wakati wa bamvua, aone jinsi maji yanavyokupwa mbali na kuacha uwanda mpana wa mchanga na tope, kisha yanavyorudi. Tendaguru ya kale ilikuwa pwani yenye nyanda za namna hiyo. Bahari ilisogea na kurudi nyuma mara kadhaa katika muda mrefu sana, ikiacha makombe hapa na mifupa pale.

Jina lililochelewa

Niliposoma ng'ambo, kitabu kimoja tulichotumia kiliwataja wachimbaji wa Tendaguru kwa hesabu yao tu, kama zitajwavyo tani za mifupa. Sikuona jina hata moja. Nilikimaliza kitabu kile nikiamini kwamba watu wetu walitoa mabega tu.

Mwaka 2007 mtaalamu Kristian Remes aliichunguza upya mifupa miwili ya shingo iliyotoka Tendaguru, akaona kwamba ni ya dinosaria ambaye hajapewa jina. Akamwita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Karibu miaka mia moja ilikuwa imepita tangu uchimbaji ulipoanza.

Mwalimu afundishaye habari za Marsh na afundishe na za Boheti, kwa kuwa sayansi huanza kwa jicho lionalo na mkono usioharibu. Na mwanafunzi akiona umbo geni mwambani, asilivunje kwa tamaa ya kulichukua nyumbani. Alichore, aandike tarehe na mahali hasa alipoliona, kisha amjulishe mwalimu wake na ofisi ya mambo ya kale. Na chini ya maandishi hayo asisahau kutia jina lake mwenyewe.