Tando Chakavu za Kuchujia na Maji Taka ya Mawese Rumonge
Rumonge, kwenye ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ni eneo la michikichi. Maji taka ya ukamuaji wa mawese, yenye mafuta na mabaki mengi ya kikaboni, hupunguza oksijeni ya maji yanamomwagwa, nalo ziwa ndimo wakazi wanamovua na kuchota.

Bakteria katika tangi lenye hewa huyala mabaki hayo, lakini maji yatokayo sharti yatenganishwe nao. Kazi hiyo hufanywa na utando, na utando mpya ni ghali. Mitambo ya kuondoa chumvi baharini, mathalani ya nchi za Ghuba, hutupa tando zake baada ya miaka michache. Zikilowekwa katika hipokloriti ya sodiamu, tabaka jembamba la poliamidi lizuialo chumvi huondoka. Tabaka la chini lenye vitundu hubaki, likizuia bakteria kwa shinikizo dogo.

Hata hivyo, tando hizo huwa zimeviringishwa kwa kubanana, na tope la bakteria lingeziziba. Hivyo hukunjuliwa na kuundwa upya zikiwa bapa. Mafuta nayo huziba vitundu upesi zaidi. Kwa mkamuaji mdogo wa Rumonge, basi, shimo la kuengulia mafuta hutangulia utando wowote.