Kompyuta katika ufundishaji

Kompyuta katika ufundishaji ni matumizi ya kompyuta, vishikwambi, projekta, programu na intaneti kama zana za kufundishia na kujifunzia. Ni tofauti na somo la kompyuta. Katika somo hilo mwanafunzi hujifunza kompyuta yenyewe, lakini hapa hujifunza hisabati, sayansi, lugha au jiografia kwa msaada wa kompyuta. Nchini Tanzania na Kenya jambo hili mara nyingi huitwa matumizi ya TEHAMA (Teknolojia ya Habari na Mawasiliano) katika elimu.

Tangu miaka ya 1960 nchi mbalimbali zimetumia fedha nyingi kununua vifaa hivyo kwa ajili ya shule. Matokeo yametofautiana sana. Mahali pengine wanafunzi wameendelea haraka, na mahali pengine mashine zimefungiwa kabatini. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni namna vifaa vilivyotumika na jinsi walimu walivyoandaliwa. Ndiyo maana suala hili ni sehemu ya mafunzo ya walimu watarajiwa.

Historia

Mojawapo ya mifumo ya kwanza ya kufundisha kwa kompyuta ni PLATO, ulioanzishwa mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, chini ya mhandisi Donald Bitzer. Katika miaka hiyohiyo Patrick Suppes wa Chuo Kikuu cha Stanford alitumia kompyuta kuwapa watoto mazoezi ya hesabu. Mashine ilitoa swali, ikapokea jibu, na kumwambia mtoto papo hapo kama amepata au amekosa.

Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Afrika Kusini, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto. Papert aligeuza wazo la awali: badala ya kompyuta kumfundisha mtoto, mtoto ndiye aifundishe kompyuta. Katika Logo mtoto humwongoza "kobe" anayechora mistari. Akimwamuru kwenda mbele hatua 100 na kugeuka digrii 90, kisha kurudia mara nne, mraba hutokea. Akitaka pembetatu yenye pande sawa, watoto wengi humgeuza digrii 60, na umbo halifungi. Hapo mtoto hulazimika kugundua kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, yaani digrii 120. Kosa huwa njia ya kujifunza, hasa kama yupo mwalimu wa kuuliza "kwa nini?" kabla ya kutoa jibu. Scratch, programu iliyotolewa na taasisi ya MIT mwaka 2007, imeendeleza wazo hilohilo.

Namna za matumizi

Kompyuta hutumika darasani kwa namna kadhaa:

- Mazoezi: programu hutoa maswali na kusahihisha. Faida yake ni kwamba kila mwanafunzi anaweza kupewa maswali ya kiwango chake.
- Maonyesho: mwalimu mwenye kompyuta moja na projekta anaweza kuonyesha mzunguko wa damu, mwendo wa sayari au ramani kwa darasa zima.
- Majaribio ya kuigiza: pasipo na maabara, programu huonyesha jinsi mkondo wa umeme au gesi unavyobadilika. Mfano ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Kwa hisabati hutumika GeoGebra.
- Kutafuta habari: wanafunzi husoma vyanzo mbalimbali na kuvilinganisha.
- Kuunda: wanafunzi huandika, huchora, hurekodi sauti au hutunga programu zao.
- Kazi za mwalimu: kuandaa azimio la kazi, andalio la somo, mitihani na kumbukumbu za alama.

Pasipo na intaneti, masomo yanaweza kuhifadhiwa katika kompyuta moja na kusomwa na vifaa vingine vilivyo karibu. Kolibri imetengenezwa kwa ajili hiyo, na Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, bila mtandao.

Matokeo ya miradi mikubwa

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza mradi wa One Laptop per Child, uliolenga kumpatia kila mtoto wa nchi zinazoendelea kompyuta mpakato ya dola 100. Peru ilinunua zaidi ya kompyuta 800,000. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012 kuhusu shule za msingi zaidi ya 300 za vijijini haikuona maendeleo ya wazi katika hisabati wala lugha, ingawa wanafunzi walitumia kompyuta mara nyingi zaidi kuliko wenzao wasiokuwa nazo. Mradi ulitegemea kwamba mtoto atajifunza mwenyewe. Walimu wengi walipata mafunzo machache, na matumizi ya mashine hayakufungamana vizuri na masomo ya kila siku.

Mfano tofauti ni programu ya Mindspark mjini Delhi, Uhindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi walioitumia kwa takriban miezi minne na nusu, katika vituo vya masomo ya ziada, waliendelea zaidi kuliko wenzao katika hisabati na Kihindi. Wengi wao walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Programu ilipima kila mmoja alipo na kuanzia hapo, na wakufunzi wasaidizi waliwafundisha pia katika vikundi vidogo.

Tofauti kati ya mifano hiyo miwili haiko katika ubora wa mashine. Huko Delhi kompyuta ilipewa kazi moja maalumu, ambayo mwalimu mwenye darasa kubwa hushindwa kuifanya peke yake. Huko Peru ilitolewa kwanza, na kazi yake ikaachwa itafutwe baadaye.

Maandalizi ya mwalimu

Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Michigan State walieleza kwamba mwalimu anahitaji maarifa ya aina tatu kwa pamoja: maarifa ya somo, ya ufundishaji na ya teknolojia. Kujua kuandika kwa kompyuta hakutoshi. Mwalimu wa fizikia hana budi kujua ni sehemu ipi ya mada huwatatiza wanafunzi, na kama picha inayotembea itaieleza vizuri kuliko betri, waya na balbu halisi.

UNESCO ilitoa mwongozo wa stadi za TEHAMA kwa walimu mwaka 2008, na kuurekebisha mwaka 2011 na 2018. Toleo la 2018 lina stadi 18 katika ngazi tatu: kupata maarifa, kuyazamisha na kuunda maarifa mapya.

Kwa mwalimu mtarajiwa, maswali ya msingi kabla ya kuingiza kompyuta katika andalio la somo ni haya: Mwanafunzi atajua nini mwishoni mwa kipindi? Kompyuta inafanya nini ambacho ubao au kitabu hakiwezi? Kila mwanafunzi atakuwa anafanya nini wakati mmoja ameshika kifaa? Umeme ukikatika, somo litaendeleaje? Likikosekana jibu la swali la pili, kwa kawaida ubao unatosha.

Afrika Mashariki

Rwanda ilijiunga na mradi wa One Laptop per Child. Nchini Kenya ahadi ya kompyuta kwa wanafunzi wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za uchaguzi wa 2013. Ugawaji ulianza mwaka 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma. Tanzania ilitoa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007. Baada ya sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu.

Matatizo yanayojitokeza mara nyingi ni ukosefu wa umeme, gharama ya intaneti, wizi, uhaba wa mafundi, na uchache wa masomo yaliyoandaliwa kwa Kiswahili. Madarasa yenye wanafunzi wengi hufanya vifaa vigombaniwe, na mara nyingi huwaendea wanaojua tayari.

Mipaka na hatari

Kompyuta inaweza kuongeza pengo kati ya mtoto mwenye kifaa nyumbani na asiye nacho. Inaweza pia kuwapotezea wanafunzi umakini, kuwafikishia habari za uongo, na kukusanya taarifa zao binafsi bila wazazi kujua. Mwaka 2023 serikali ya Sweden, nchi iliyokuwa mbele katika matumizi ya vifaa hivi shuleni, ilitenga fedha ili wanafunzi wapate tena vitabu vilivyochapwa.