Kenya: Julai Moja, Hewa Nne

Mwezi wa Julai utabiri wa siku chache wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya husomeka kama wa nchi nne. Nairobi na Nyeri ni mawingu na baridi. Lodwar jua kali. Mombasa upepo wa kusi na bahari kuchafuka. Kericho ni mvua ya alasiri, mara kwa mara mvua ya mawe, na hapo ndipo tunapokazia macho. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Mawe yakichana majani, kikapu huwa chepesi na ujira hupungua, ingawa kosa si lake. Tunawataka viongozi wa matawi waubandike utabiri penye mizani ya majani, na wadai kima cha chini cha siku kiandikwe katika mkataba.